Kabini 714, Upande wa Kushoto

Jumanne, 9 Januari 2024

Kitabu kingine cha matangazo ya safari za meli kimeletwa leo. Kizito kama albamu ya harusi. Juu yake: Bi. Corliss Ostrander. Jina la dada yangu, anwani ya marehemu mama, ambayo sasa ni yangu. Miaka saba narudisha posta kila kinachokuja kikiwa na jina hilo, awe mpokeaji au mtumaji. Vitabu, kadi, hata bahasha moja yenye stempu ya maua. Leo sikurudisha. Nimestaafu mahakamani tangu Oktoba, sina kesi ya kunakili, na hakuna kitu humu ndani ambacho sijakisugua mara mbili. Nikakifungua.

Nataka kujua jambo moja tu. Kwenye hizi meli kuna nini? Kuna nini hasa, hata mtu afiwe na mama yake naye abaki hukohuko?

Corliss hakuja kumzika mama. Alikuwa safarini Pasifiki. Ofisi ya meli iliniahidi ujumbe utamfikia, na bandari zipo, ndege zipo. Nilizika peke yangu. Jioni hiyohiyo nikapokea picha kutoka kwake, bila neno hata moja: gauni la buluu, glasi mkononi, na matunda mekundu yanaelea juu ya kinywaji! Nilimjibu kwa maneno mawili: Furahia safari. Hatujasemezana tena. Picha niliichapisha, iko kwenye droo ya jikoni, chini ya betri.

Ijumaa, 12 Januari

Marvin kagonga kuazima ngazi, kakiona kitabu mezani. Marvin Zelnick, mlango wa pili, miaka themanini, alikuwa daktari wa macho, amepanda meli mara thelathini na moja. Anazihesabu kama wajukuu.

"Jirani! Wewe? Na meli? Umeugua?"

Nikamwambia nalinganisha tu. Kampuni mbili za meli, Aurelle na Stellmar, ipi bora. Akacheka mpaka akakaa chini. Kitabu hakikwambii kitu, anasema, kimeandikwa na wauzaji. Nikitaka ukweli niingie Sitaha ya Nyuma. Ni jukwaa la mtandaoni. Kila kampuni ina ukumbi wake, na watu wanaishi humo kabisa.

"Ila ingia polepole, Nadine. Wale watu hawana adabu ndogo. Wana adabu kubwa mno."

Nimejiandikisha. Jina: Roshani. Ndilo lililokuja kichwani, nilikuwa nimekaa hapo.

Jumapili, 14 Januari

Nimeshachapwa! Saa moja tu na tayari.

Niliingia ukumbi wa Aurelle nikauliza wazi: Aurelle au Stellmar, ipi bora? Dakika tatu zikapita. Halafu wakanimwagikia. Mmoja akaniuliza nimetumwa na nani. Mwingine kaniwekea kiungo cha kanuni, bila salamu. Mwisho akaja mtu anayejiita Kabini714, na inaonekana wote wanamnyamazia: "Mgeni, karibu. Hapa ni nyumbani kwa Aurelle. Huingii nyumbani kwa mtu ukamuuliza kama kwa jirani wanapika vizuri zaidi."

Nikacheka mwenyewe jikoni. Kwa kweli nilistahili.

Jumatano, 17 Januari

Nimekesha mchana — kama mtu anaweza kukesha mchana — nasoma mazungumzo yao, wenyewe wanayaita nyuzi. Hawa ni kabila zima! Kuvaa tai au kutovaa tai wakati wa chakula cha jioni: kurasa mia mbili na arobaini, tangu 2011, na hawajamaliza. Ukitandaza taulo kwenye kiti cha bwawa alfajiri ukatokomea, jina lako halisafishiki tena. Usiulize swali lililokwisha kujibiwa. Usitaje chumba cha mtu. Na usijibu uzi uliolala miaka. Hilo wanaliita kufukua makaburi, na wanalichukia kuliko yote.

Halafu kila safari ina orodha yake. Unajiandikisha miezi kabla, unasema unatoka wapi, mkifika melini mnakutana siku ya pili mkiwa na vibandiko vya majina. Wageni wanaojuana tayari.

Watu wa Stellmar wanasifu kila kitu. Supu nzuri, nahodha mzuri, mawimbi mazuri. Kama mashahidi waliofundishwa. Watu wa Aurelle wanalalamika kutwa, mito, mkate, mpiga piano, ila jaribu wewe mgeni kulalamika uone. Miaka thelathini na nne nimeandika maneno ya watu kizimbani. Anayelalamika hivyo anapenda.

Kwa hiyo Aurelle anaongoza, kidogo.

Jumamosi, 20 Januari

Kabini714 kaniandikia faraghani. Anaomba radhi kwa ukali wa Jumapili. Halafu, kwa kuwa tuko pembeni ambako hakuna anayesikia, kanilinganishia kila kitu waziwazi. Stellmar wana vyumba vikubwa zaidi. Samaki wao bora. Aurelle wana wahudumu wanaokaa miaka, wanaokumbuka magoti yako yanayouma. "Usiseme nimekwambia kuhusu samaki. Watanifukuza."

Nampenda huyu mwanamke. Nadhani ni mwanamke.

Saa kumi na moja jioni meli zikaanza kutoka bandarini hapa Lauderdale kama kila Jumamosi. Zinapita kwenye mlango wa bahari hapa chini ya ghorofa yetu ya tisa, karibu kiasi cha kuona nani kavaa kofia. Jengo zima hutoka roshani kupunga vitambaa, Marvin na kengele yake ya ng'ombe, ding-dong mpaka masikio yaume. Abiria nao hupiga kelele. Mama hakukosa hata moja. Mimi huvuta pazia.

Ijumaa, 26 Januari

Tunaandikiana kila siku sasa, asubuhi, na kahawa. Nimemuuliza mengi mpaka naona aibu. Je, mtu peke yake anakula na nani? (Unaomba meza ya pamoja, ukikaa peke yako jioni ya kwanza watakuhurumia safari nzima.) Je, ni kweli watu wanatembezana vyumba vyao kama wanunuzi wa nyumba? (Kweli. Na wanafungua makabati.)

Leo nikamuuliza kwa nini jina lake ni namba. Anasema huchukua kabini hiyohiyo kila mwaka. Sitaha ya saba, upande wa kushoto. Nikauliza kuna tofauti gani, kushoto na kulia, maji si ni yaleyale?

"Kushoto ni kwa ajili ya kuondoka Lauderdale. Hilo silizungumzii sana."

Sikumbana. Kazini nilijifunza kusubiri.

Ameshajiandikisha kwenye orodha ya safari ya tarehe 3 Februari. Anauliza kama naja. Nikasema bado nalinganisha. "Roshani," kaandika, "wewe utalinganisha mpaka meli ziote kutu."

Alhamisi, 1 Februari

Niandike kwa mpangilio.

Nilikuwa nimebakiza jambo moja. Nilitaka kuona safari ile yenyewe ya 2017, juma lile alilokufa mama: walikula nini, walicheza nini. Kuna watu huandika kutoka melini kila siku kwa ajili ya waliobaki nyumbani. Nikatafuta Aurelle, Pasifiki, Machi 2017. Uzi mmoja tu. Mwandishi: Kabini714.

Nikafurahi! Nikajitengenezea kahawa. Siku ya kwanza mpaka ya kumi na nne ni vichekesho vitupu, supu ya baridi, mwanamume aliyepoteza meno yake ya bandia kwenye bwawa. Nilicheka kwa sauti. Siku ya kumi na tano mistari miwili.

"Mama yangu amefariki asubuhi hii, Lauderdale. Tumeondoka Kisiwa cha Pasaka jana, na nchi kavu iliyo mbele ni siku tano."

Nimesoma mara nyingi sana. Kwanza nikafikiri: maskini, kama mimi. Nilifikiri hivyo! Mpaka nikaona tarehe, na mji.

Kabini714 ni Corliss.

Alimwendea nahodha. Nahodha akamfungulia ramani akamwonyesha: helikopta haifiki, kurudi nyuma ni siku nzima na ndege ya pale ni ya wiki ijayo. Aliomba mara tatu. Mazishi yalikuwa siku ya tatu — mimi ndiye niliyepanga siku ya tatu. Sikuuliza mtu.

Watu wa jukwaa waliokuwa melini wakamwendea chumbani. Kumi na mmoja. Hawakuwa wanamjua ila kwa kibandiko. Siku ya mazishi, saa ileile niliyokuwa nikizika huku, wakavaa nguo zao rasmi kwa heshima ya mtu wasiyewahi kumwona, wakasimama sitaha ya nyuma, na kila mmoja akanywa kinywaji cha mama. Corliss kaandika wazi: soda ya tangawizi, barafu nyingi, cheri mbili.

Cheri mbili, yale matunda mekundu. Mhudumu akimletea moja mama alirudisha glasi.

Nikaenda kwenye droo nikatoa betri nikatoa picha. Miaka saba nilikuwa nikimtazama mmoja tu. Nyuma yake wamesimama watu, wazee kwa vijana, wote wana glasi ileile. Hakuna anayecheka. Macho ya Corliss yamevimba. Yamevimba wazi, mtoto angeona!

Chini ya hapo kaandika: "Mtandao ni dhaifu. Picha imekwenda kwa mdogo wangu, barua imegoma. Nitaituma tukifika bandarini Papeete." Siku iliyofuata: "Mdogo wangu amejibu. Naomba radhi, siandiki tena safari hii." Na uzi ukaishia hapo.

Stempu ya maua. Ile bahasha. Nilikuwa nimeandika juu yake kwa kalamu nyekundu, RUDISHA.

Kulikuwa na kisanduku kitupu chini ya uzi. Nikaandika: "Nilidhani ni pombe." Nikabonyeza. Sijui kwa nini. Machozi yalikuwa yananitoka na kidole kikabonyeza.

Ijumaa, 2 Februari

Ee Mungu wangu. Nimefukua kaburi!

Uzi umepanda juu ya ukumbi mzima kama mpya. Na hawa watu na adabu zao zote hawasomi tarehe! Tangu jana wanampa pole Corliss kana kwamba mama kafa juzi. Sitini na mbili kufikia saa nne asubuhi. "Pole sana, Kabini714, tuko nawe." "Je, mazishi ni lini?" Mmoja katuma mishumaa ya kuchora. Mwingine anauliza kama ataahirisha safari ya kesho na kama kabini itakuwa wazi!

Saa sita msimamizi kafunga uzi. Kaniandikia onyo, kwa upole unaouma. Onyo langu la kwanza maishani, na nimefanya kazi mahakamani.

Marvin kaja na mkate, kanisomea uso. Nikamweleza yote, nimesimama mlangoni. Hakucheka. Kasema tu, "Basi mwandikie, Nadine. Uzi wamefunga, mtu hawajamfunga."

Nimeandika na kufuta mara tisa. Kila nikisoma naona karani anajitetea.

Corliss hajaandika kitu.

Jumamosi, 3 Februari

Saa nane mchana. Orodha ya safari inasema wameshaanza kupanda. Kutoka hapa naiona Aurelle gatini, nyeupe, na ngazi yake. Mahali fulani mle ndani dada yangu anatundika gauni.

Saa kumi na nusu. Ujumbe!

"Roshani. Picha ile nilimtumia mtu mmoja tu."

Basi. Hakuna salamu, hakuna jina. Taa ya kijani kando ya jina lake inawaka. Nimeketi na kidole hewani. Kisha wa pili:

"Kila mwaka tukipita naangalia ghorofa ya tisa. Pazia huwa limefungwa."

Kushoto! Mlango wa bahari uko kusini mwetu, meli zinatoka kuelekea mashariki — upande wa kushoto ndio unaotutazama sisi. Miaka saba anasimama pale, na mimi hapa ndani nyuma ya kitambaa nikiziba masikio.

Nimeandika: "Dada." Nimetuma.

Honi. Marvin ameshatoka, namsikia anajaribu kengele. Nimekimbia jikoni. Soda ya tangawizi ipo, barafu ipo. Cheri hakuna! Nimempigia kelele Marvin kupitia ukuta. "Cheri? Sasa hivi?" Halafu, "Ngoja, ngoja, za keki!" Kanipitishia kopo juu ya kizuizi cha roshani, na kengele bado iko mkono wa pili.

Pazia nimelitoa lote, na fimbo yake. Limelala sakafuni.

Inakuja. Naandika nimesimama. Sitaha ya kwanza chini, ya pili, nahesabu kwa kidole — nne, tano — watu wamejaa, wote wanapunga, Marvin anagonga kama nyumba inaungua. Sita. Saba. Kwenye roshani moja kuna mtu peke yake, hapungi. Amevaa kitu cha buluu. Uso umeinuliwa huku.

Glasi yangu ina cheri mbili. Nitaweka kalamu chini, nahitaji mikono yote —