Kikohozi Chako Kimefika Ng'ambo

Magokoro wangu,

Bwairire buya. Huku jua ndiyo linazama na mimi ndiyo kwanza nimeamka, kwa hivyo usishangae nikikusalimia za jioni huku nikipiga miayo ya asubuhi.

Najua umeshaanza kununa. Nyanya aliyekulea toka unatambaa haandikiwi Kiswahili, si ndiyo? Wewe ulisema Kiswahili ni cha kununulia chumvi Ekerenyo na kumjibu polisi. Lakini miaka yote hii jeshini nimeandika Kiswahili tu, na Ekegusii nikijaribu kukiandika kinatoka kama cha mtoto wa darasa la pili. Usijali. Nikija nyumbani nitakaa kando yako nikusomee nikitafsiri, na nikizidisha urefu utajifanya umelala, kama ulivyofanya kanisani kila Sabato mhubiri alipokolea.

Nchi niliyoko siwezi kuitaja, hata kwako. Jua tu kwamba ni ng'ambo, ni mchanga, na hakuna mgomba hata mmoja. Nililia siku ya kwanza nilipoona ndizi inauzwa moja moja imefungwa kwenye nailoni. Ungeiona ungesema ni ya wagonjwa. Kazi yetu ni kulinda amani, na mimi katika hiyo amani nimepewa usiku.

Siku yangu iko hivi. Nalala mchana ndani ya kontena la bati ambalo tumeziba madirisha kwa maboksi ili kuwe giza. Kwa joto lake unaweza kupika mboga za chinsaga bila kuni. Jioni naoga kwa maji ya ndoo nusu, nakunywa chai, chai ya vumbi, Magokoro, chai ambayo hata kwenu kwenye kituo cha kupimia majani wangeirudisha na mwenyewe. Halafu tunajipanga mstari, sajenti anakagua bunduki, anakagua chupa za maji, anakagua kama tumenyoa. Navaa fulana ya kuzuia risasi, nzito kama kikapu cha majani siku ya mvua. Napanda mnara wa mifuko ya mchanga na mwenzangu Ekai, kijana wa Turkana, ambaye peke yake katika kikosi kizima anapapenda hapa. Anasema ni kama kwao, ila kwao hawana tangi la maji.

Kisha tunaangalia giza. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Mara kwa mara redio inauliza kama tuko macho, tunajibu tuko macho. Nakula biskuti. Ekai ananieleza habari za ngamia, mimi namweleza habari zako. Anakujua sana. Anajua ulivyopokea simu yangu ya video ukaiweka sikioni, nikaongea na sikio lako dakika nzima nikiona hereni na nywele nyeupe tu. Anajua pia ulivyonituma nikamwulize sajenti kama nitapumzishwa Ijumaa jua likizama. Nilimwuliza kweli, kwa sababu uliniapisha. Alicheka mpaka akavua kofia. Siku hizi zamu ya Ijumaa naimba nyimbo za Sabato kwa sauti ya chini, na Ekai ambaye ni Mkatoliki ameshazijua beti zote.

Lakini si hayo niliyotaka kukuandikia. Nataka kukuandikia habari ya mikono.

Unakumbuka asubuhi niliyoondoka. Wengine wote walikuwa wanashangilia sare. Wewe ulikuwa umekaa mlangoni pa jikoni na leso yako begani, hutaki hata kuniangalia. Ulikuwa umeshasema msimamo wako: mikono hii uliifundisha kuchuma chai, majani mawili na kitumba, hukuifundisha kushika mtutu. Nilipoinama kukuaga ukaishika yote miwili, ukaigeuza juu chini, kama ulivyokuwa ukiikagua kabla hujanipakulia chakula. Ukasema, "Nenda basi. Ukirudi nitaitazama tena. Nataka niikute vile inavyotoka hapa."

Hukueleza na mimi sikuuliza. Nilikuelewa. Hukutaka nirudi na damu ya mtu. Nikakuahidi, nikapanda boda na buti zangu mpya, nikijua nimeahidi kitu ambacho askari hana uhakika nacho.

Halafu ukaenda zako kabla ya kukagua. Magokoro, hiyo ilikuwa njama.

Ulipofariki niliomba ruhusa. Afande mkubwa alinisikiliza vizuri tu, akaniuliza marehemu ni nani wangu. Nikasema nyanya. Akasema ruhusa ya mazishi ni ya mzazi, mke au mtoto. Nilitaka kumwambia kwamba kwa desturi ya kwetu wewe ni mke wangu, maana nina jina la babu, na uliniita mume wako mbele ya wachumaji wote na kuwatishia wasichana wa watu kwa mwiko. Nikauona uso wake nikaona ninyamaze. Siku ya kukuzika nilikuwa lindoni. Nililia nyuma ya mifuko ya mchanga. Ekai akaangalia upande wake na upande wangu pia mpaka kulipokucha.

Kemunto, binamu yangu, ndiye aliyenisimulia mazishi kwa simu. Mahema yalijaa, mvua ikasubiri mpaka ukafunikwa, wali ukatosha. Kisha akaniambia jambo ambalo yeye mwenyewe hakulielewa. Majirani walipopewa nafasi ya kuongea, Ombati wa ng'ambo ya kijito alisimama, akasema, "Huyu mama alinikoholea. Mungu amweke pema." Akaketi. Watu wakatazamana. Kemunto aliniuliza kama huyo mzee alikuwa amekunywa.

Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka kwa sababu nyingine.

Kwa sababu nilikuwepo. Ule mwaka bei ya chai ilipoanguka na Ombati akawa na wagonjwa wawili nyumbani, mikungu yetu ya ndizi ilianza kupungua usiku. Baba alitaka kuotea na panga. Wewe ukasema hapana, hilo shamba ni lako na wewe ndiye utakayelilinda. Nililala kwako, kwa hivyo niliona. Ukisikia majani ya migomba yanachakarika, hukupiga nduru. Ulikohoa. Viwili vifupi na kimoja kirefu cha kuburuta, kama mtu anayefagia ua. Halafu ukaanza kuongea peke yako kwa sauti ya kawaida kabisa: eti ndara zako ziko wapi, eti unataka ukaangalie ule mkungu wa karibu na choo, eti siku hizi magoti hayana nguvu. Ulizitafuta hizo ndara mpaka nje kukanyamaza kabisa. Ukatoka ukakuta hakuna mtu, ukarudi ukalala.

Nilikasirika. Nilikuuliza kwa nini unamwachia mwizi. Ukaniambia, "Ukimpigia mtu kelele gizani, atakimbia au atakurudia. Ukimkoholea, anafikiria." Na asubuhi ukanituma kwa kina Ombati na kichane cha ndizi, eti zimezidi kuiva. Hamkuwahi kulizungumza hilo jambo, wewe na yeye, na hata hodi alikuwa akipiga kwetu kama kawaida. Kumbe alikuwa akijua kwamba unajua.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ahadi yangu ilipotaka kuvunjika.

Ilikuwa usiku usio na mwezi, wiki chache baada ya simu ile ya Kemunto. Kwenye darubini ya usiku nikaona kitu kinatambaa ndani ya waya wa nje, mahali ambapo mtu haruhusiwi kukanyaga hata mchana. Kilikuwa kinakuja upande wetu, chini chini. Nikaarifu kwa redio. Nikapaza sauti kwa lugha ya hapa kama tulivyofundishwa: simama, wewe ni nani. Kikalala kifudifudi. Nikarudia. Kimya. Nikarudia mara ya mwisho. Kimya, halafu kikajivuta tena kidogo, nikaona kimekumbatia kitu kifuani.

Unajua wanaojilipua huja namna gani, Magokoro? Afadhali hujui. Sisi tulionyeshwa picha. Sajenti akaniambia kwenye redio kwamba kikisogea tena, najua kazi yangu. Ndiyo, niliijua. Niliiweka bunduki begani. Ekai alikuwa anapumua kama aliyekimbia. Niliiogopa mikono yangu kuliko nilivyomwogopa yule mtu. Niliona umeishika. Kweli nakuambia, niliona umeigeuza juu chini.

Nikakohoa.

Viwili vifupi na kimoja kirefu cha kuburuta. Halafu nikaanza kuongea, Ekegusii, sauti ya mtu aliye nyumbani kwake. Nikasema bwairire buya. Nikasema leo baridi imezidi. Nikasema natafuta ndara zangu, niende nikaangalie ule mkungu wa karibu na choo. Kidole changu kilikuwa pale pale kinapotakiwa kuwa, sikudanganyi, lakini mdomo ulikuwa Ekerenyo. Ekai akanigeukia taratibu. Baadaye aliniambia alidhani kichwa kimeshika moto na alikuwa anawaza namna ya kuninyang'anya silaha.

Na kule gizani, Magokoro, kukajibu mbuzi.

Mbuzi mtoto, mee moja tu, halafu mtu akasimama polepole, mkono mmoja juu, mwingine ndani ya koti, akafungua lile koti kwa adabu zote ili tuone. Mzee wa makamo ya baba. Mbuzi wake alikuwa amepenya chini ya waya na yeye akamfuata. Kumbe nilipopiga kelele alikuwa amejibana chini anamziba mbuzi mdomo, akidhani tukimsikia ndipo tutapiga. Na kule kujivuta kulikuwa ni kutafuta tundu alimoingilia. Alitueleza haya yote kulipokucha, kupitia mkalimani. Mkalimani alimwuliza kwa nini hatimaye alisimama. Akasema alisikia mtu mzima anakohoa na kulalamika kuhusu kitu fulani, akaona mtu wa namna hiyo anaweza kuelewa mambo ya mbuzi.

Sajenti hakucheka. Aliniita kando akaniuliza ile ilikuwa amri gani, ya kitabu gani. Nikamwambia ni ya nyanya yangu. Nikajua nimekwisha. Kisha akasema nisirudie bila kumwambia kwanza kwenye redio, ili wengine wasije wakadhani tumevamiwa na wagonjwa wa kifua. Akaenda zake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Mzee wa mbuzi alikuja getini siku chache baadaye na kibuyu cha maziwa ya mgando. Haturuhusiwi kupokea kitu. Mimi nilikataa vizuri kwa mikono miwili kifuani. Ekai alipokea, akanywa chote, akasema sheria hiyo haikuandikwa na mfugaji.

Basi hizo ndizo habari za huku. Za nyumbani unazo, maana umelala karibu nazo kuliko mimi, lakini Kemunto anasema nikuhakikishie: ng'ombe wako alizaa ndama jike mwenye baka jeupe usoni. Chai imechumwa vizuri. Kemunto analala nyumbani kwako ili moto usizime jikoni, na anasema kuku wako bado wana kiburi. Sokoni wameweka taa ndefu ya mulika mwizi, inafika mpaka kwenye migomba yetu. Nimeambiwa baba anafurahi sana. Mimi nimefikiria kwamba siku hizi mtu mwenye shida atapita wapi, na nimemwambia Kemunto apande migomba mingine upande wa kijito, kwenye kivuli. Ombati alijitolea kuchimba mashimo. Hakuulizwa, alikuja tu na jembe.

Zamu yetu inaisha kabla ya msimu wa mvua ndefu. Nimeulizwa kama nataka kuongeza muda, na nimesema hapana, nina mtu ananingoja nyumbani ambaye hapendi kungojeshwa. Naishiwa na karatasi na Ekai anafunga kamba za viatu, kwa hiyo tunapanda mnarani sasa hivi. Lala vizuri, mke wangu wa kwanza. Nakukosa vibaya sana, hasa nikiwa na jambo la kuchekesha na hakuna wa kulipeleka.

Ahadi yangu ni hii. Nitashuka Ekerenyo, sitapanda boda, nitatembea. Sitaingia kwa baba wala kwa yeyote kabla yako. Nitapitia nyuma, kwenye migomba, mpaka hapo ulipo, nipige magoti, niweke mikono yangu yote miwili juu ya udongo wako, kwanza viganja, kisha niigeuze, uikague upendavyo. Utaikuta vile ilivyotoka.

Ila nikikaribia nitakohoa kwanza, viwili vifupi na kimoja kirefu, ili upate nafasi ya kujifanya hukuwa unaningoja.

Mumeo mdogo,
Nyakundi