Mbili Fupi, Moja Ndefu

Jumatatu, 6 Juni 1983
Maji ya ugali jikoni. Honi ikalia kama kawaida: mbili fupi, moja ndefu. Ndiyo salamu ya Mutiso kwangu, treni yake ikikaribia stesheni. Kila dereva hapa Makongeni, kwenye nyumba za reli, ana honi yake, na kila mke anaijua ya wake. Nasikia, nasonga. Akishapeleka injini kulala shedi anakuta ugali moto.

Stesheni iko juu ya tuta, naiona yote kutoka mlangoni. Leo kulikuwa na mwanamke wa kilemba chekundu. Treni ikasimama, ikaondoka. Hakupanda, hakupokea mtu. Akateremka ngazi akaenda zake.

Jumatano, 8 Juni
Yupo tena. Honi ikalia, akatabasamu. Akatabasamu! Kwa honi yangu!

Mama Atieno wa jirani anasema huyo anauza mitumba soko la Gikomba, analala mtaa wa Mbotela. Ni mjane. Nyoo! Mjane ndiye mwenye nafasi.

Alhamisi, 9 Juni
Nimenusa shati la Mutiso. Grisi tu. Sijaridhika.

Nimempikia sukuma bila chumvi. Kala yote, kashukuru. Mtu asiye na hatia angelalamika.

Ijumaa, 10 Juni
Leo sikuweka maji. Honi ilipolia nilijifunga leso kiunoni nikapanda zile ngazi. Nilikuwa tayari kumvua kilemba mbele ya abiria.

“Unamngoja nani hapa, mama?”

“Simngoji mtu. Nasikiliza hiyo honi.”

“Hiyo ni yangu.”

Hakukasirika. “Najua. Lakini ilikuwa yangu kwanza.”

Kumbe marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha Mutiso kuendesha treni. Waliishi papa hapa Makongeni. Mume alipofariki nyumba ya reli ikarudishwa, mama akahamia Mbotela. Honi akabaki nayo Mutiso, ati isipotee. Nilishuka nikiifungua leso kiunoni.

Nimemuuliza Mutiso mbona hakuniambia. “Si hukuuliza,” anasema. Miaka yote hii nasonga ugali kwa honi ya mke wa mtu! Nimemwambia aibadilishe, au ajipikie. Wivu haujapungua, umezidi. Mwanamke mwenzangu ningepigana naye. Lakini mwenye honi ni marehemu; nitapigana naye vipi?

Jumatatu, 13 Juni
Kaibadilisha. Ndefu mbili. Nilikuwa nafua, nikadhani ni dereva mwingine. Mutiso kafika, jiko baridi. Tumekula mkate na chai.

Yule mama alisimama kule juu mpaka giza likaingia. Treni inakuja, anainua kichwa. Inapita, anakiinamisha. Atadhani Mutiso kahamishwa, au naye kafa. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Hata hilo limenikasirisha.

Jumanne, 14 Juni
Asubuhi nilimwambia Mutiso airudishe. Alivaa kofia yake, akaitikia kwa kichwa, akatoka.

Jioni nikakaa mlangoni, nachambua mchicha. Kilemba chekundu juu pale, kimeegemea nguzo. Tukangoja wote wawili. Mbili fupi. Moja ndefu. Akajifunika uso kwa mikono.

Bado namwonea wivu, sitajidanganya. Nimeingia ndani nikaongeza maji kwenye sufuria, yakawa ya watu watatu. Kisha nikatoka nje, nikampungia mkono ashuke.