Chupa ya Mama Feza Jikoni Kwetu

Kalemie, Jumamosi, mwezi wa Oktoba

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa ndiyo inaacha. Karibu na ufuko ziwa limegeuka rangi ya udongo, na barabara yetu ina madimbwi ambayo hata pikipiki zinayazunguka kwa heshima.

Siku ya mvua huwa siku mbaya nyumbani kwetu. Mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa ya miti, huingizwa ndani, mlango hufungwa nusu, na mke wangu hupika huku akikohoa. Leo mvua imenyesha, chakula kimeiva, na tangu sufuria ilipokaa motoni hadi tuliponawa mikono sikumsikia akikohoa.

Naandika polepole kwa sababu sitaki kulitia chumvi jambo hili.

Mke wangu huitwa Mama Solange, kwa jina la binti yetu wa kwanza aliyeolewa Kongolo. Kikohozi chake kilianza kama mafua yaliyokataa kuondoka. Muuguzi wa kituo cha afya alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu, akamuuliza anapikia nini, kisha akasema kwamba dawa atatoa, lakini hakuna dawa inayoweza kushindana na jiko la kila siku. Atoke kwenye moshi.

Ni maneno mepesi kusema. Umeme wetu huja kama mgeni asiyetoa taarifa. Gesi ni ya wachache. Kuni mbichi ni mbaya kuliko makala, na makala yenyewe, hata yanapoonekana kuwaka bila moshi, hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, hasa mlango ukifungwa. Nilifundisha kemia maisha yangu yote ya kazi. Siku ile nilirudi nyumbani nikiona aibu kwamba sina moto safi wa kumpa mke wangu.

Jibu lilikuwa mtaani kwetu, na nilikuwa nimelipita mara nyingi mno.

Hapa kwetu mnywaji anayejiheshimu hanunui lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, bila kuoneshwa kijiko. Mwuzaji humimina kidogo kwenye kijiko na kukisogezea kiberiti. Ikishika moto, ni kali. Isiposhika, imetiwa maji, na mnunuzi huondoka akinung'unika. Nimeona kijiko hicho kikiwaka tangu utoto wangu, na kila mara niliona pombe. Miezi michache iliyopita nilipita mbele ya nyumba ya Mama Feza, anayepika lutuku mtaani kwetu, akiwa anamwonesha mteja kijiko. Kwa mara ya kwanza nikaona moto. Moto wa bluu, bila moshi, na chini ya kijiko hakuna masizi.

Niruhusuni nieleze kidogo, maana nisipoeleza sitalala.

Muhogo na mahindi vina wanga ndani yake. Mahindi yakilowekwa mpaka yaote, hutengeneza kitu kinachoukata wanga kuwa sukari. Hamira huila sukari hiyo na kutoa alkoholi, ambayo viwandani huitwa ethanoli. Ni kitu kilekile kinachochanganywa na petroli ya magari katika nchi nyingine. Kazi inayobaki ni kuitenga na maji. Alkoholi huchemka kabla ya maji, kwa hiyo ukipasha pipa taratibu mvuke wake hutangulia, hupita katika bomba lililopozwa na kudondoka.

Mama Feza anaijua kazi hiyo vizuri, ila lutuku yake bado ina maji mengi. Kijiko huwaka, kisha moto huzimika na kuacha maji. Kwa ajili ya resho, yaani jiko dogo la utambi nililotengenezewa na fundi wa bati, ilibidi tuikaushe zaidi. Tulisimamisha bomba refu juu ya pipa lake na kulijaza vipande vya mtungi uliovunjika. Mvuke unapopanda, maji hunaswa na vile vipande na kurudi chini, huku alkoholi ikiendelea na safari yake.

Mwanzoni Mama Feza alinitazama kama vile mimi ni mgonjwa. “Mwalimu, unataka niharibu lutuku yangu nzuri, muntu apikie maharage?”

Lakini bomba alilisimamisha. Baadaye, tukiwa tunasubiri matone, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amechoka na wanaume wanaogombana mlangoni kwake hadi usiku. Alisema hajawahi kusikia wapikaji wakipigana kwa sababu wameshiba.

Nilimuuliza pia kuhusu kuni, kwa sababu haina maana kuokoa makala kwa mke wangu na kumaliza miti chini ya pipa lake. Akanionesha lundo la maganda magumu ya mbegu za michikichi, takataka za wakamua mawese. Hayo ndiyo anayochoma. Nilifurahi kuliko nilivyoonesha.

Kikwazo kilikuwa nyumbani kwangu mwenyewe.

Tangu tuoane, lutuku haijavuka kizingiti chetu. Baba yake Mama Solange alikuwa seremala kule Kirungu, fundi wa milango na madawati. Lutuku ilimchukua kidogo kidogo. Ilianza na mikono yake, ikaja kwenye randa na misumeno, mwisho yeye mwenyewe, kabla kichwa hakijaota mvi. Mke wangu ndiye aliyekuwa akitumwa kumwokota njiani. Mpaka juzi, akifika karibu na nyumba ya Mama Feza, alikuwa anavuka barabara, ingawa wanaimba kwaya moja na sauti moja.

Kwa hiyo nilipowasha resho mara ya kwanza, harufu ilimsimamisha mlangoni. Aliuangalia ule moto wa bluu, akaangalia dari, akaona hakuna moshi. Akaketi kwenye kigoda, na mimi nikaanza kutumaini.

Ndipo akaingia Donati, mdogo wake, ambaye hutusalimia kila Jumapili. Donati ni mtu mwema na mcheshi, na lutuku anaipenda kuliko inavyofaa. Alivuta pumzi, uso ukang'aa.

“Yaya,” alimwambia dada yake, “leo jikoni kwako kunanukia vizuri. Hiyo resho inakunywa yote peke yake, haigawi?”

Nilicheka. Dada yake hakucheka. Aliufunika moto kwa kifuniko cha sufuria, akaichukua chupa kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya, akaiweka nje uani.

“Papa Solange, mimi nitakohoa,” aliniambia baadaye. “Lakini mutoto wa mama yangu hatakunywa lutuku mu nyumba yangu.”

Alikuwa na haki. Chupa ya moto ilikuwa bado chupa ya pombe, na siku moja Donati angebaki peke yake nayo.

Viwandani wanalijua tatizo hili: alkoholi ya kuchoma hutiwa kitu kibaya ili isinyweke. Nikajiambia, sisi tuna pilipili. Nikaloweka pilipili kali katika chupa, nikachuja kwa kitambaa, nikamwomba mke wangu anipe nafasi moja tu, na Jumapili iliyofuata nikawasha resho.

Mwanafunzi wa darasa la kwanza la kemia angeniuliza: Mwalimu, kinachoingia motoni kinakwenda wapi? Kinaingia hewani. Hakikupita kitambo tukawa wote uani, mimi na Mama Solange na Donati, tunalia machozi na kupiga chafya, na kuku wa jirani wamekimbia. Mke wangu alikuwa anakohoa na kucheka kwa pamoja.

“Mwalimu ametafuta dawa ya kikohozi,” alisema alipopata pumzi, “amepata kikohozi ya nyumba nzima.”

Kwaya yote inaijua sentensi hiyo sasa. Hunisalimia nayo.

Lakini alikuwa amecheka. Nilikishika kicheko kile kama mtu anayeshika kamba. Nikarudi kwa Mama Feza, tukawaza pamoja: kitu kichungu sana, kinachotosha hata kikiwa kidogo, ili moto uwe na kidogo cha kuchoma. Nikakumbuka kinkina, ule mti unaotoa kwinini. Ulimi wa mtu hauwezi kusamehe kwinini, hata chembe. Mama Feza ana rafiki anayeshuka na mashua kutoka Uvira kuuza maharage, na huko juu miti hiyo hulimwa. Akamwagiza maganda. Tuliyaloweka, tukachuja, tukawasha uani kwake. Moto ukawa uleule wa bluu. Hewa haikutuuma. Utambi ulibaki na uchafu kidogo, kwa hiyo utahitaji kusafishwa mara kwa mara, na hilo nimemwambia kila mtu.

Leo mchana Mama Feza aliileta chupa mwenyewe, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Alifika mlangoni akasimama palepale kwenye mvua, kwa sababu katika miaka yote ya ujirani hajawahi kukaribishwa ndani. Nikamtazama mke wangu. Mke wangu aliitazama chupa.

“Ingia, Mama Feza,” alisema. “Mvua inakupiga bure.”

Akaingia. Chupa ikawekwa mezani. Mama Solange akaomba kijiko, na nikafikiri kwamba anataka kuuona moto kwanza, kama wanavyofanya wanunuzi. Nikashika kiberiti tayari. Akamimina kidogo kwenye kijiko, akaacha kitulie.

Hakuomba kiberiti. Alikipeleka kijiko mdomoni.

Sikupata hata nafasi ya kunyoosha mkono. Mwanamke huyu hajawahi kuiruhusu lutuku iguse ulimi wake, hata siku za harusi, hata kama dawa. Uso ulikunjika wote. Akakimbilia mlangoni, akatema, akatema tena, akafuta ulimi kwa pindo la kitenge. Kisha akabaki amesimama pale, ametupa mgongo, anaangalia mvua.

“Kama ingekuwa chungu hivi zamani,” alisema, “papa yangu angezeeka.”

Mama Feza aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama kiberiti mkononi mwangu.

Halafu Mama Solange akageuka. “Papa Solange, kiberiti njo umekibeba cha nini? Washa.”

Nikawasha. Nilitia punje ya chumvi kwenye utambi ili moto uwe wa njano kidogo, maana moto wa bluu mchana hauonekani vizuri na mtu anaweza kujiunguza. Nilimwonesha pia kwamba resho haijazwi tena mpaka ipoe kabisa, na akanijibu kwamba nimeshasema hivyo mara nyingi, nimpishe apike. Akasonga bukari, ugali wetu, akakaanga samaki wa mikeke walionunuliwa ufukoni asubuhi. Mama Feza alimenya vitunguu. Walianza kuimba wimbo wa kesho kanisani, taratibu, na mke wangu alifika mwisho wa mstari mrefu bila kukatika. Wao hawakuona. Mimi niliona.

Sitaki kudanganya. Kikohozi bado kipo, asubuhi nilikisikia, na siku moja haiponyi mapafu. Sijui kama Mama Feza ataweza kutosheleza hata nyumba chache za mtaa huu. Sijui muhogo ukiadimika tutafanya nini, kwa sababu chakula cha watu ni lazima kitangulie moto wao, ingawa nimeanza kufikiria ndizi zinazoozea sokoni. Mbabula imepelekwa uani, lakini haijatupwa, na mwenye jiko ameniambia nisiiguse.

Hata hivyo, nimeketi jikoni nikiandika, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, na napumua bila kufikiria.

Kesho baada ya misa Donati atakuja kama kawaida. Nilimuuliza mke wangu kama chupa tuifiche chumbani. Akasema hapana, ibaki juu ya rafu, mahali pa kuonekana na kila anayeingia. Kando yake ameweka kijiko safi.

Anasema hicho ni cha Donati.