Walivyolitumia Daftari Letu la Alhamisi

Nyumba za Walimu, mlango wa tatu
Jumapili, tarehe 14 Septemba
Asubuhi mawingu mepesi, upepo kidogo, mvua hakuna.

Mpendwa binamu yangu Cherehani,

Kwanza hali yako. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua, na kwamba huko kazini wamekupa kile kiti chenye egemeo ulichoomba. Barua yako ya tarehe 2 Agosti ilinifikia tarehe 19. Niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama asikie, naye akacheka mpaka akaomba maji. Anasema mdomo wako haujapumzika tangu ulipoota meno, na kwamba aliyekubandika jina la Cherehani hakukosea.

Sisi hapa ni wazima. Mguu wa mama umepona, sasa ugomvi ni kumwambia atembee polepole. Mdogo wangu wa mwisho amepata kazi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, na katika wiki tatu tu amekuwa fundi wa dunia nzima: kila mlango anaopita lazima aukosoe. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo inayochemka.

Najua utasema, "Bi Tarehe naye, hata hasira anaiandikia siku." Ndiyo, naiandikia. Ilianza Jumatano tarehe 10, saa nne na dakika kumi, wakati wa mapumziko. Lakini tulia nikueleze tangu chanzo, maana wewe unashona nguo, hufundishi, na nisipopanga maneno utanielewa nusu.

Huu ni mwaka wangu wa tisa katika darasa la tatu. Kila mwanzo wa mwaka nawapa watoto wapya hesabu moja tu: hamsini na mbili, toa kumi na saba. Na kila mwaka wengi wao wananiandikia arobaini na tano. Wanaona mbili haitoshi kutoa saba, basi wanageuza, wanatoa mbili kwenye saba, wanaandika tano, wanaendelea zao kwa furaha. Nami kila mwaka nilisimama katika chumba cha walimu nikatangaza kwamba darasa la pili wananiletea watoto wasio na msingi.

Darasa la pili linafundishwa na mama mmoja mtu mzima, mfupi, aliyebakiza mwaka mmoja na miezi minne kustaafu. Watoto wanamwita Bibi Njiti kwa sababu ya kopo lake la vijiti vya kuhesabia. Nilipokuwa nikitoa hotuba zangu alikuwa anapuliza chai yake.

Tarehe 20 Februari mwalimu wa darasa la nne, kijana mwenye ulimi kama wako, aliniambia mbele ya watu wote, "Mwalimu wa la tatu, watoto uliotuletea wanasoma vizuri mno. Jana mmoja ameshika kitabu juu chini, kamaliza ukurasa mzima, hajakosea hata neno." Walimu wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Bibi Njiti. "Na huyo naye," akaniuliza, "aliletwa bila msingi?"

Nilitoka pale nimefura. Kesho yake nikawaambia wanangu wa darasa la tatu wafungue kitabu, kisha nikapita nikifunika kurasa kwa mkono. Binamu, walisoma vilevile. Mimi nilikuwa nawasomesha kwa pamoja, sentensi kwa sentensi, kama kwaya, mpaka wanakariri, halafu naandika kwenye ripoti kwamba wanajua kusoma. Miaka tisa.

Ndipo tukakubaliana sisi watatu, wa la pili, wa la tatu na wa la nne. Kila Alhamisi baada ya kengele ya mwisho, saa moja. Na kabla ya Alhamisi kila mmoja awe ameshakaa kipindi kizima katika darasa la mwenzake, dawati la nyuma, pamoja na watoto, magoti yakigusa kidevu. Sheria ilikuwa moja, na aliyeiweka ni Bibi Njiti: hakuna kutaja kosa la mwenzako kabla hujataja la kwako. Daftari nikapewa mimi, kwa ugonjwa wangu wa tarehe.

Kikao cha kwanza kilikuwa tarehe 13 Machi. Bibi Njiti alisimama, ingawa tulikuwa watatu tu na viti vilikuwepo. Akasema kwamba kwa miaka ishirini na sita amewafundisha watoto watoe kidogo kwenye kikubwa, daima, bila kuangalia kipi kiko juu. Alikuwa akiwaona wanakwama, wanalia, muda unakwisha, basi akawapa njia ya mkato, akiamini madarasa ya mbele yatawanyoosha.

"Na sisi wa mbele," akasema kijana wa la nne, "tulijua huko nyuma mmeshawanyoosha."

Tulicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Niliandika maneno ya yule mama yote, neno kwa neno, mistari tisa, na tarehe juu.

Jumatatu iliyofuata alibadilika. Akafunga vile vijiti kumi kumi kwa mpira. Hamsini na mbili ni mafungu matano na vijiti viwili. Unataka kutoa saba na unavyo viwili tu? Fungua fungu moja. Nilikuwa dawati la nyuma siku hiyo. Nilimwona msichana mmoja mdogo amelishika fungu, analitazama, anamtazama mwalimu, anaogopa kulifungua kama anafungua mzigo wa watu. Alipolifungua akahesabu, akacheka peke yake. Nimefundisha miaka mingi lakini sikuwahi kuona hesabu ya kutoa ikimfikia mtoto namna ile. Mwezi wa saba niliwapa darasa lake ile hesabu yangu. Kati ya watoto arobaini na wanne, thelathini na watano walipata. Hawa nilionao mimi sasa, waliofundishwa kwa njia ya zamani, walipofika kwangu walikuwa arobaini na sita, wakapata kumi na wawili.

Sasa sikia. Tarehe 3 mwezi huu mwalimu mkuu alinijia mlangoni, meno yote nje. Amesikia tuna daftari zuri, anataka kuwaonyesha watu wa ofisi ya elimu, shule yetu ipate sifa. Mimi mjinga nikalivika jalada jipya, nikampa kwa mikono miwili.

Jumatano tarehe 10, Bibi Njiti akaitwa ofisini. Alirudi ameshika barua ya kujieleza. Imeandikwa kwamba kwa kukiri kwake mwenyewe, tarehe 13 Machi, amewapotosha wanafunzi kwa miaka ishirini na sita, na kwamba ndani ya siku saba aeleze kwa nini asiondolewe darasani na kuhamishiwa shule nyingine. Kwa kukiri kwake mwenyewe! Yale nimeyaandika mimi, Binamu. Hata mkato niliouweka mimi wameuacha palepale.

Unajua kwa nini? Ofisi ya elimu ilikuwa imeuliza sababu ya darasa la nne kufanya vibaya mwaka jana, na mwalimu mkuu alihitaji mtu wa kumtwisha. Katika daftari la kurasa thelathini na moja alikunja ncha ya ukurasa mmoja tu. Wale watoto thelathini na watano wako ukurasa wa kumi na tisa, kwa herufi kubwa, nimewapigia mstari mwekundu kwa rula. Hakuwaona! Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita bila kuambiwa chochote na wakaguzi, bila kuambiwa na wakuu wa shule watano, siku anaposimama mwenyewe na kusema "hapa nilikosea", na akarekebisha, na watoto wakajua, ndiyo siku ya kumfukuza? Na walimu wengine wote ambao hawajawahi kusema neno wamekaa salama na chai zao. Hii ni akili ya namna gani? Nimeirudia tangu Jumatano na kila nikiirudia inanichoma upya.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu hapa. Siku ileile ya Machi na mimi nilisema kosa langu la kwaya. Unajua niliandika nini? "Mwalimu wa la tatu: kusoma, mjadala." Basi. La mwenzangu mistari tisa, la kwangu maneno hayo tu. Ningependa kukuambia ni haraka. Haikuwa haraka. Niliona aibu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Alhamisi, saa ya kikao, nilikwenda darasani kwake. Alikuwa anarudisha vijiti kwenye kopo. Nikamuuliza kama leo hatukai.

"Tukae tufanye nini? Mnitafutie na lingine?"

"Bibi, mimi sikujua watalifanyia hivi."

"Najua hukujua, mwanangu. Kalamu yako ndiyo iliyojua. Ofisini nimeonyeshwa ule ukurasa: langu mistari tisa, lako hata mstari haujai." Akafunga kopo, akaondoka.

Sikuweza kula siku hiyo, na mama aliponiuliza nikasingizia kichwa.

Ijumaa asubuhi niliingia kwa mwalimu mkuu na karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika kosa langu lote, miaka tisa, kitabu juu chini na kila kitu. Nikamwambia aiambatanishe na faili ya Bibi Njiti. Akaniambia nisijichomeke, jambo hili halinihusu.

"Linanihusu. Mwandiko ni wangu."

"Mwalimu, nimekuacha nje kwa wema tu. Au na wewe unataka barua?"

"Naitaka. Nipe leo leo, nisikae na wasiwasi hadi Jumatatu."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Mara mlango ukagongwa, kijana wa la nne huyo na karatasi yake. Yeye alikuwa ameandika kwamba kwa miaka miwili amewaweka wasiojua kusoma kona ya nyuma na hakuwauliza swali hata moja, ili vipindi vyake viende haraka. Mwalimu mkuu alitutazama kama wezi, akakataa kuzipokea, akatufukuza turudi madarasani. Kijana akanong'ona tukiwa nje, "Leo ndiyo mara ya kwanza nimekataliwa makosa."

Leo saa tisa alasiri nilikwenda nyumbani kwa Bibi Njiti. Niliogopa hatanifungulia. Alifungua. Nilikuwa nimemwandikia rasimu ya maelezo, nzuri sana kwa maoni yangu: kwamba hakusema vile, kwamba mwandishi alinukuu vibaya, kwamba lawama zote ni za daftari. Nikamweleza pia karatasi zetu mbili zilivyokataliwa. Alisikiliza mpaka mwisho, miwani mkononi.

"Futa," akasema.

"Bibi, ukikubali watakuhamisha. Umebakiza mwaka mmoja tu."

"Na nikikana, atakayekuja baada yangu ataambiwaje? Kwamba kutoa kidogo kwenye kikubwa kulikuwa sawa, ila kuna mtu alinizushia? Hapana. Andika nilikosea. Andika mwezi nilioacha. Andika wale watoto thelathini na watano, ukipenda waandike kwa wino mwekundu wako. Halafu hizo karatasi zenu mbili zibane nyuma." Akavaa miwani, akaniangalia juu yake. "Na safari hii, la kwako liwe refu kuliko langu."

Tulicheka, Binamu, kisha mimi nikalia, naye akaniacha nilie bila kunibembeleza, na nilistahili. Nimeliandika upya palepale mezani kwake. Limefika mistari kumi na miwili.

Keshokutwa, Jumanne, saa nne tunakwenda ofisi ya elimu, sisi watatu kwa miguu yetu. Mwalimu wa la kwanza, ambaye hakuwahi kukanyaga Alhamisi hata moja, amesema atayaangalia madarasa yetu akisaidiwa na wa la tano. Kwa nini, hakusema, nami sikumuuliza.

Sijui itakuwaje. Huenda wakamhamisha Bibi Njiti hivyo hivyo. Huenda na sisi tukamfuata, kila mmoja njia yake. Mama hajui, na nikihamishwa sijui atabaki na nani, maana huyu fundi wetu wa dunia hata chai anaiunguza. Hilo tu ndilo linalonirudisha nyuma, halafu nakumbuka ile kalamu, nasonga mbele. Ukisikia nimehamishwa, mwambie mjomba asiseme nilimjibu mkubwa vibaya. Nilimjibu, lakini vizuri.

Msalimie shemeji na umwambie suruali aliyomtumia mdogo wangu imetosha kiunoni, urefu ndio umezidi. Mabusu kwa mapacha. Shangazi mkubwa mwambie dawa ya mama ilifika salama. Jirani yako fundi saa nimemkumbuka pia, ingawa bado ana saa yangu.

Mungu akulinde huko uliko, akupe kazi isiyokuumiza mgongo na watu wasiokuumiza moyo. Utuombee Jumanne.

Ni mimi binamu yako nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Bi Tarehe

Nimemaliza kunakili maelezo, nakala tatu, Bibi atazisaini kesho. Nazima taa, saa sita na dakika ishirini.