Mfuko wa Kaka Haujai

Nyumbani kwa kaka,
Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu tele. Hujambo huko? Kile kifua kimepoa? Mimi mzima, ni magoti tu, na wajukuu wanakula kama wanafukuzwa.

Kwanza niache nijisifu, utanivumilia. Mwanangu sasa ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, si mchezo! Nikipita koridoni hata mlinzi ananiamkia, "Shikamoo Mama Sista!" Nami naitikia marahaba ya kusikika mpaka maabara.

Ila leo nakuandikia habari za kaka yetu. Utumbo ulijisokota, Jumanne wakampasua tumbo. Kazi ilikuwa ndefu, akapoteza damu nyingi, presha ikashuka. Alipotoka mzima nikadhani yamekwisha.

Hayajaisha. Kitandani pake umening'inia mfuko wa mkojo, na tangu juzi yanaingia matone tu, meusi kama chai iliyolala. Mwanangu anauinamia, anapima, anaandika, anapima tena. Unamjua yule kwa haraka. Akipima mara mbili, mimi natafuta pa kukaa.

Nikambana kwenye ngazi. Akasema mjomba wake ni mtu mzima, ana kisukari, ana presha, na damu imemwagika. Figo za mtu kama huyo, baada ya upasuaji mkubwa, ni za kuchungwa kama mtoto aliyelala karibu na moto. "Lakini mama, kuna kitu kingine kinaziumiza, na hatukijui."

Jana kimejulikana. Mwanangu akibadilisha shuka, akakuta ndani ya foronya vile vidonge vya maumivu unavyomtumia kaka kwa ajili ya mgongo. Kumbe anavimeza kwa siri, kabla ya kupasuliwa na baada. Daktari alipomuuliza dawa anazotumia, alijibu hana. Fundi seremala mzima, alie maumivu mbele ya wauguzi, wasichana aliowachongea madawati ya shule? Thubutu!

"Mjomba, hivi vinaua figo!"

"Nenda zako, binti. Hivyo ni vya ng'ambo. Mama yako mdogo anitumie sumu?"

Mdogo wangu, hakuna anayekulaumu. Ulituma kwa mapenzi. Lakini maandishi ya pakiti yamefutika kwa jasho, na daktari anataka kujua ni dawa gani na ina nguvu kiasi gani. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa barua hii jirani anayesafiri kuja huko alfajiri. Ukiisoma, usikae. Nenda dukani ulikonunua, wakutajie jina, kisha piga wodini, umuulizie mwanangu.

Mkojo usipoongezeka, maji yatabaki mwilini avimbe, na ataunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Mashine ni moja, na sasa hivi ina mtu.

Wifi anakusalimu, habanduki kwenye benchi la nje ya wodi. Mwanangu anakusalimu pia, anasema ujitahidi kunywa maji. Mola akulinde ugenini, na atuachie tulichonacho.

Kaka naye anakusalimu. Leo amenivuta sikio karibu, akaninong'oneza nisimwambie muuguzi, ila nikuombe pakiti nyingine. Nikamshika mkono kumtuliza. Nilipouachia, alama za vidole vyangu zilibaki zimebonyea pale pale, hazikufutika.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mama Sista