Bitana ya Bluu

Jumatatu, 13 Aprili

Kuta zinatoa jasho tena. Nguo nilizofua Ijumaa bado mbichi, na shati la kazini linanuka. Ofisini Xiaobei, tunakonunua na kusafirisha mizigo ya wateja wa nyumbani, saa mbili kasoro robo.

Asubuhi nyaraka za makasha ya viatu kutoka soko la Zhanxi. Zimekwisha. Mchana mzigo wa Kaka Deus, ndugu yangu, anayeanzisha safari za wageni porini huko Mpanda. Mahema kumi na mawili ya watu wawili wawili. Nimeandaa orodha ya ukaguzi kwa ajili ya kesho: nguzo, vigingi, kamba, neti, zipu, mishono ya pembeni. Meli inaondoka tarehe 29. Ikifuata ratiba, mahema yatafika Mpanda katikati ya Juni, wiki moja kabla ya wageni wa kwanza.

Deus ametuma sauti ndefu. Kijiji chenye pori kimesaini mkataba. Miaka miwili ya vikao. Masharti ni haya: wageni watembee kwa miguu tu, gari libaki barabarani, wasizidi kumi kwa safari, taka zote zirudi mjini, na dawa ya wadudu isipulizwe popote porini. Hilo la mwisho waliliweka wafuga nyuki. Wakasema likivunjwa mara moja tu, mkataba umekwisha. Wana sababu. Kambi moja ya upande wa pili wa mto iliwahi kupuliza dawa kwa sababu wageni walilalamikia mbung'o. Mizinga ya upande ule ikakaa kimya msimu mzima.

Sisi tunawashinda mbung'o kwa rangi. Vumbi, majani makavu, kahawia. Nilifanya kazi ya stoo kambini misimu minne, najua. Mgeni mwenye shati la bluu hafiki hata kwenye kijito bila kuumwa. Bluu na nyeusi ndizo wanazozipenda.

Jumanne, 14 Aprili

Shiling. Metro, halafu basi, halafu mvua, hadi kwa Wachina wanaotushonea mahema. Kiwanda kinashona mabegi, mahema ni oda ya pembeni.

Hema la kwanza lilisimamishwa uani chini ya bati. Nje safi. Rangi ya vumbi ileile ya sampuli niliyoisaini. Nikapima urefu, nikavuta zipu mara ishirini, nikahesabu vigingi. Nikafurahi. Nikafungua pazia.

Bitana, kitambaa cha ndani, ni bluu. Bluu ya sare ya shule. Ukingo mweusi kuzunguka mlango na madirisha yote.

Nikaomba la pili. Bluu. Nikaomba yote. Yote.

Mchana porini shuka la nje hukunjwa hadi juu ili hewa ipite, kinachobaki kuonekana ni hiyo ya ndani. Yaani nimetengenezewa mitego kumi na miwili ya mbung'o, na ndani ya kila mtego watalala watu wawili.

Laoban, yule mwenye kiwanda, alikuwa akitabasamu. Akasema bluu inapendeza, vijana wa hapa wanaopenda kambi wanaigombania. Nikamwambia hapana. Akasema hakuna shida. Nikamwambia shida ipo. Akasema hakuna shida. Mkewe ndiye anayesimamia meza ya kukatia. Alinitazama tu na mkasi wake mkononi.

Nimerudi nimelowa hadi soksi. Nimekasirika kiasi cha kushindwa kula.

Jumatano, 15 Aprili

Simu nne kwa laoban. Nne. Kila mara anaanza kwa kuniuliza kama nimeshakula.

Nimemwambia alibadilisha rangi bila ruhusa. Anasema hajabadilisha kitu. Nimemwambia nitawaambia wateja wote wa Xiaobei wasikanyage kwake. Akaniomba nimletee karatasi ya oda tuisome pamoja. Nikasema nitaileta na nitaibandika ukutani kwake.

Sharifa, ninayekaa naye meza moja ofisini, ameyasikia yote. Ni wa Unguja, ulimi wake hauna likizo. "Shoga, hao mbung'o wenu wana macho ya fundi cherehani? Watajuaje rangi ya ndani?" Nilimweleza. Akacheka hadi akashika ubavu. Akasema kwao nzi hana uchaguzi, anatua popote. Sikucheka.

Sijamwambia Deus. Nasubiri kwanza kiwanda kikubali kosa.

Alhamisi, 16 Aprili

Kazi nyingi. Mteja wa Zhanxi amebadilisha idadi ya viatu mara tatu. Hoteli zimejaa watu wa maonesho ya biashara. Laoban hapokei simu.

Deus ameniuliza kama ukaguzi ulikwenda vizuri. Nimejibu nje iko safi. Si uongo. Si ukweli pia. Najichukia kwa jibu hilo.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimeitoa fomu ya oda kwenye faili ili nipige nakala ya kwenda kumbandikia laoban.

Kipengele cha 38. Bitana: rangi yoyote.

Mwandiko wangu. Kalamu yangu ya kijani. Saini yangu chini.

Nilikaa nayo mapajani mpaka Sharifa akauliza kama kuna msiba.

Naandika ilivyokuwa ili nisijidanganye baadaye. Miaka sita nimenunua mabegi ya mkononi Shiling. Kwenye begi, mnunuzi anayejua kazi hachagui rangi ya bitana. Anamwachia mwenye kiwanda atumie majora yaliyobaki, naye anampunguzia bei. Hakuna anayejali begi lina rangi gani tumboni. Nimeandika "rangi yoyote" kwenye mamia ya fomu. Nilipofika kipengele cha 38 mkono ukajiandikia wenyewe. Nilipima vigingi kwa milimita, na jambo moja ambalo ningeweza kumfundisha mtu yeyote mji huu nikalipita kama najaza fomu ya pochi.

Laoban hakukosea. Nimemlaumu siku tatu.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimefikiri siku nzima. Njia ni tatu.

Kwanza, niyasafirishe yalivyo. Deus atayafungua mwezi wa sita, wageni wakiwa njiani. Wageni wataumwa. Wataomba dawa ipulizwe. Deus atakataa, au atakubali. Akikataa hawarudi, akikubali kijiji kinafunga pori. Hata nikilizungusha vipi, linaishia hapo.

Pili, nimwambie Deus kwamba kiwanda kimebadilisha rangi. Ataamini. Watu wote nyumbani wanaamini Wachina wanabadilisha vitu. Hata angeomba fomu, ningeweza kuandika nyingine.

Tatu.

Nimemweleza Sharifa. Safari hii hakucheka. Alisema nichukue njia ya pili, dunia nzima inaichukua, na laoban hatajua kwa sababu hasomi Kiswahili. Kisha akakaa kidogo akasema, "Lakini wewe ndugu yangu huwezi. Wewe hata ukichelewa dakika tano unajiandikia onyo."

Nimemkasirikia kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 19 Aprili

Misa ya asubuhi. Sikusikia mahubiri. Baadaye nikampigia Deus, kwao saa tatu, alikuwa ametoka kanisani pia.

Nikamwambia bitana ni bluu yenye ukingo mweusi. Akauliza yote? Yote. Akaanza kumlaani mwenye kiwanda. Alimlaani vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kifipa. Nikamwacha amalize. Ningeweza kuishia pale.

"Si yeye," nikasema. "Fomu niliandika mimi."

"Uliandika bluu?"

"Niliandika rangi yoyote."

Nilisikia watoto wakicheza nyuma yake. Kisha akasema, "Wewe uliyekuwa unawavua wageni mashati ya bluu getini?" Akakata.

Ni kweli nilikuwa nawavua. Nilikuwa na sanduku la mashati ya kahawia, na mgeni hakupita bila kubadilisha. Daktari mmoja mzee alinigombeza mbele ya mkewe na bado hakupita.

Jumatatu, 20 Aprili

Deus kimya. Nimempigia mara mbili.

Jumanne, 21 Aprili

Shiling tena. Nilikwenda na machungwa kilo tatu, kwa sababu huwezi kwenda kuomba radhi mikono mitupu. Nikaiweka fomu mezani, nikaonyesha kipengele cha 38, nikasema kosa ni langu na maneno ya wiki iliyopita hayakuwa ya haki. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwenye basi. Kichina changu ni cha kupunguza bei, hakina maneno mengi ya aibu.

Laoban akaitazama karatasi, akaitazama mvua. Sikujua kama ananisamehe au anahesabu. Mkewe akamenya chungwa. Ndipo mke akauliza, kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze, kwa nini bluu ni mbaya. Nikamweleza mbung'o. Nikamwonyesha kovu la mkononi, lililoachwa na jipu la kuumwa na mbung'o. Nikamweleza nyuki. Hapo ndipo alipoelewa. Baba yake alikuwa na mizinga huko milimani kwao, akasema, na jirani alipopuliza dawa kwenye michungwa, nyuki walianguka kama mchele. Alisema hivyo, kama mchele, akamwaga vidole mezani.

Watashona bitana upya kwa rangi ya vumbi. Ila kuna oda ya mabegi ya shule mbele yetu. Hawawezi kuanza kabla ya wiki ya kwanza ya Mei. Nilibembeleza, nikapandisha sauti, nikabembeleza tena. Mke akasema hapana, na hapana yake haina mlango.

Kitambaa nitakilipa mimi. Za bluu watauza hapahapa, ambako hakuna mbung'o.

Tarehe 29 meli itaondoka bila sisi. Inayofuata ni ya Mei 21. Mahema Mpanda: wiki ya pili ya Julai. Nimehesabu mara tatu kutafuta siku za ziada. Hazipo.

Nimemtumia Deus yote kwa maandishi, kwa mpangilio, pamoja na picha ya fomu.

Jumatano, 22 Aprili

Hajajibu. Nimekosea kasha la mtu leo, namba mbili zimebadilishana. Sharifa ameliona kabla halijatoka. Sijawahi.

Ijumaa, 24 Aprili

Deus ameandika. Hakutuma sauti, na yeye hapendi kuandika.

Amekwenda kijijini, wakaita mkutano. Amewaambia safari ya Juni haipo. Wageni kumi: sita watasubiri hadi Julai, wanne wamejitoa. Wapagazi na wapishi, watu kumi na wanne wa kijiji, watakosa kazi ya mwezi wa kwanza. Kuna mmoja alikuwa ameahidi ada ya shule kwa kazi hiyo. Deus hakumtaja jina. Afadhali.

Walimuuliza kosa ni la nani. Amewajibu ni la nyumbani kwetu. Wakauliza nani nyumbani. Amesema nyumbani kwetu, basi.

Mama anayewaongoza wafuga nyuki akasimama akauliza swali moja: kwa kuwa tumechelewa na tumepata hasara, tutarudi kuomba ruhusa ya dawa? Deus amesema hapana. Yule mama akaketi. Mkataba upo.

Mwisho wa ujumbe ameandika: Kagua mwenyewe, moja moja. Hakuna salamu.

Jumanne, 12 Mei

Siku ya tatu Shiling. Nimechukua likizo bila malipo. Mwenye ofisi amenuna, na anune.

Nakaa mwisho wa meza ya kukatia, jora likifunguliwa nalitazama kwa mwanga wa mchana, mbele ya mlango, si chini ya taa. Jora la pili lilikuwa na uzi wa kijivu unaoelekea bluu. Nikasema hapana. Laoban akasema kwa macho yake ni uleule. Inawezekana. Mkewe akalichukua, akatoka nalo hadi uani, akarudi akalisukuma chini ya meza. Mumewe hakubishana naye.

Ukingo nimeomba wa kahawia. Wakati wa kuandika neno hilo nililiandika mara mbili, kwa Kichina na kwa kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini. Fundi akanicheka. Kuna msemo wao kuhusu mtu aliyeumwa na nyoka akaogopa hata kamba ya kisima. Sisi tuna wetu wa ung'ong'o. Tukafundishana.

Bado nina hasira, lakini sina pa kuipeleka. Kila bitana inayomalizika naiona ingekuwa tayari Aprili.

Jumatano, 20 Mei

Kasha limefungwa saa mbili na nusu asubuhi. Mahema kumi na mawili. Niliyafungua yote jana, nikaingia ndani ya kila moja, nikalala chali, nikatazama juu. Vumbi. Vumbi. Vumbi. Dereva alifunga milango, akapiga lakiri, akaondoka. Laoban alikuwa na wateja wengine.

Sikwenda ofisini. Nilikaa kwenye kituo cha basi nikisubiri kwao kupambazuke. Saa sita nikampigia Deus. Huko saa moja, jua ndiyo kwanza linatoka. Sikuwa na hakika kama atapokea.

Alipokea. Nikamwambia limeondoka. Akasema sawa.

Kisha akaanza kunieleza safari yake. Jana alitembea na askari wawili wa maliasili wa kijiji kupima njia ya wageni. Majani bado marefu, yanafika kifuani. Mto una maji kwenye mashimo tu. Pale walipopanga kuvukia wamekuta tembo wameanza kupita, majike na watoto, kinyesi cha asubuhi ileile. Kwa hiyo njia itahama. Hawatawabishia. Itazunguka kilima kwa nyuma, nusu saa zaidi, lakini juu kuna miamba ya kukalia na kutoka pale wageni watawaona tembo bila kuwasogelea. Alinieleza kila kona. Wapi pa kunyamaza, wapi pa kunywa maji, mti gani una mizinga na kwa hiyo watapita mbali nao. Nilifunga macho nikapita naye.

Mahema hakuyataja.

Basi langu lilikuja, nikaliacha liende. Alipomaliza akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado.

"Kanywe, mdogo wangu," akasema. "Huko kwenu kumekucha zamani."