Mchaichai wa Nyuma ya Darasa la Tatu

Jumatatu, 6 Oktoba
Beseni tena. Mchanga, kikombe cha maji, pampu ya baiskeli. Maji yakachimba kijito, pampu ikarundika matuta. Nikawaambia sayari ya Mirihi iko hivyo: mabonde makavu, matuta ya upepo. Ngoie, msichana wa mbele wa darasa la tatu asiyechoka kuuliza: "Madame, kule hakuna bantu, hakuna mutu hata moja. Sasa nani alitosha majani, nani aliyang'oa?" Darasa zima likacheka. Nimechoka na beseni hili.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepima. Kutoka korongo lililochimbwa na mvua nyuma ya shule hadi ukuta wa darasa la tatu, hatua tisa. Mwaka jana pia tisa. Mchaichai umeshika udongo. Safu tatu, mashina niliyoyaleta kutoka Kabondo-Dianda kwa pikipiki, gunia nimelikumbatia njia nzima. Prefe, mkuu wetu, anauita kichaka. Inspekta anakuja Jumatatu, naye anataka uwanja msafi. Hapa kwetu usafi ni udongo mtupu wenye alama za ufagio. Nimegombana na Prefe mbele ya walimu wote. Amekubali mchaichai ubaki, kwa kununa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Siku mbaya. Kichwa. Kelele za darasa la tatu. Nikawapa adhabu ileile ya siku zote: mushike majembe, musafishe kule nyuma. Nikaenda kusahihisha madaftari.

Jumamosi, 11 Oktoba
Wameung'oa wote. Hata shina moja halikubaki. Wamefagia juu yake, wamechoma majani.

Nilikwenda kwa kina Ngoie nikafoka mbele ya mama yake. Mtoto akanijibu: "Madame, njo weye mwenyewe ulisema tusafishe."

Kweli. Prefe nilimshinda, kisha nikaifanya kazi yake kwa mdomo wangu mwenyewe. Najichukia.

Jumatatu, 13 Oktoba
Inspekta kausifu uwanja. Prefe kanipongeza mbele ya watu, anatabasamu. Nilitamani kumtemea mate. Mvua ilianza saa tisa mchana, wageni wakiwa bado wanakula kuku.

Jumanne, 14 Oktoba
Hatua nne. Mvua.

Alhamisi, 16 Oktoba
Kona ya darasa imeanguka alfajiri. Watoto walikuwa bado kwao, namshukuru Mungu kwa hilo tu. Ubao uko chini korongoni, somo langu la Mirihi limeoshwa nusu. Prefe anasema ni mapenzi ya Mungu. Ningemjibu, ningelazimika kusema ni nani aliyetoa amri.

Jumatatu, 20 Oktoba
Darasa la tatu wanasomea barazani. Nimewaambia ukweli: kosa ni langu, niliwatuma bila kuwaeleza. Nikamwomba Ngoie radhi. Hawajazoea mwalimu kusema hivyo.

Baada ya masomo Ngoie akaleta mashina mawili ya mchaichai, kayang'oa penye jiko la mama yake, ule wa chai. Tukayapanda. Kisha akaanza kupima kwa miguu yake, mimi nikimfuata nyuma. Kutoka korongo hadi baraza, hatua kumi na moja.